Kadi za picha kwa mtoto mwenye usonji asiyeongea: mwongozo kamili wa kuanza nyumbani

Kila muhula napokea wazazi waliokwisha kujaribu kadi za picha wakaziacha. Maelezo yao yanafanana mno. Picha zilichapishwa vizuri, zikafanyiwa laminesheni, zikabandikwa ukutani jikoni au zikafungwa kwa pete ya funguo. Mtoto akawa anaonyeshwa moja moja: "Hii nini? Sema maji. Ma-ji." Mtoto anaangalia dirishani. Baada ya wiki mbili kadi ziko juu ya kabati, na mama ananiambia, "Mwalimu, wangu kadi haziwezi."

Anaziweza. Ila amefundishwa kwamba kadi ni mtihani, na hakuna mtoto anayekimbilia mtihani. Kadi inatakiwa ifanye kazi kama hela dukani: unampa muuzaji, naye anakupa kitu. Hela iliyobandikwa ukutani hainunui hata pipi.

Utaratibu ulio hapa chini umejengwa juu ya mfumo wa PECS, yaani mawasiliano kwa kubadilishana picha, uliobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Mfumo wenyewe una hatua sita. Mimi nimeupanga upya kufuata mahali ambapo nimeona wazazi wakikwama. Unamfaa mtoto asiyeongea kabisa, mwenye maneno mawili matatu, na hata mtu mzima. Mtoto anayeongea kwa kurudia maneno ya wengine ana sehemu yake mbele.

## Kabla hujanunua chochote

Pima masikio. Usiseme "anasikia, mbona akisikia biskuti inafunguliwa anakuja mbio." Mtoto anaweza kusikia karatasi ya biskuti na mlango ukibamizwa, lakini asisikie sauti nyembamba kama za *s* na *f*, na maneno yakamfikia yamekatika katika. Nenda idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya mkoa au ya rufaa. Kwa wasomaji wa Kenya, vituo vya EARC, vinavyotathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vitakuelekeza.

Usikate kimeo wala ulimi ili aongee. Kimeo hakina uhusiano na kuchelewa kuongea, na kukikata mtaani kunaleta kutoka damu nyingi na maambukizi. Ulimi uliofungwa chini unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya herufi, lakini haumzuii kuwa na maneno. Watoto wengi ninaowafundisha ulimi wao ni mzima kabisa. Kwa wengine shida ni kupanga mijongeo ya mdomo. Kwa wengi zaidi ni kule kugundua kwamba mtu mwingine anaweza kutumiwa ujumbe.

Kadi hazimfanyi mvivu wa kuongea. Hofu hii naisikia zaidi kwa kina baba. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazikuona kadi zikizuia maneno, na kwa baadhi ya watoto maneno yaliongezeka kidogo. Wapo watakaoanza kuongea kupitia kadi, wapo watakaozitumia maisha yao yote. Wote wawili watakuwa na njia ya kuomba maji.

Tumia lugha ya nyumbani. Wazazi huambiwa waache Kisambaa, Kidigo au Kiswahili, waongee Kiingereza tu kwa sababu ndicho cha shule. Lugha mbili hazimzidishii mtoto usonji wala hazimcheleweshi. Bibi anayelea mtoto mchana kutwa akinyimwa lugha yake, mtoto ndiye aliyenyimwa mtu wa kuongea naye.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera, na steshenari ya kutoa printi za rangi.
- Karatasi ya manila au gamba gumu la katoni.
- Laminesheni, au selotepu pana ya uwazi kama laminesheni iko mbali.
- Velkro, ule utepe wa kukwama ulioko kwenye viatu vya watoto na mikoba. Maduka ya vifaa vya mafundi cherehani huuza kwa mita. Nusu mita inatosha kuanza.
- Faili gumu la ofisini, litakalokuwa kitabu chake.
- Mkasi, gundi kali na kalamu nene nyeusi.
- Makopo mawili matatu ya plastiki yanayoonyesha ndani, yenye vifuniko asivyoweza kufungua.
- Watu wawili kwa siku chache za mwanzo. Wengi hukiruka hiki, ndiyo maana nakiandika kama kifaa. Shangazi, dada wa kazi, kaka wa miaka 15, yeyote mtulivu.

## Hatua ya 1: Mchunguze siku mbili, usimuulize

Chukua daftari. Kwa siku mbili andika kila anachokifuata mwenyewe bila kuitwa: chakula, kelele, mwendo, mguso, chochote.

Andika anachokipenda, si unachotamani akipende. Mama mmoja aliniletea orodha yenye mboga za majani, maziwa na kitabu cha wanyama. Nilipokwenda kwake, mtoto alikuwa ameinama sakafuni anazungusha kifuniko cha ndoo, anakisikiliza kinavyolia hadi kitulie, kisha anaanza upya. Aliendelea hivyo nusu saa nzima nikiwa nimekaa pale. Kadi yake ya kwanza ikawa kifuniko cha ndoo.

Ukishapata orodha, shindanisha. Shika vitu viwili, kimoja kila mkono, uone anakinyooshea mkono kipi. Badilisha mikono, maana wapo wanaochagua upande wa kulia tu. Rudia na vingine hadi upate vitano vinavyoshinda.

Kisha uchuje. Kitu kizuri cha kuanzia kinatolewa kidogo kidogo (biskuti iliyovunjwa vipande kumi, mapovu ya sabuni, sekunde kumi za wimbo, kukunwa mgongo), na kiko mikononi mwako wewe. Kilicho mezani muda wote hakina sababu ya kuombwa. Kiweke kwenye kopo linaloonyesha ndani, juu, akione asikifikie.

*Tahadhari.* Usimnyime chakula ili awe na hamu. Mtoto mwenye njaa hulia, hajifunzi. Fanya zoezi kwa vitafunio na michezo, mlo wake aupate kama kawaida. Karanga nzima na pipi ngumu si za mtoto wa chini ya miaka 5, zinaweza kumpalia.

## Hatua ya 2: Piga picha, tengeneza kadi

Piga picha ya kitu chenyewe anachokijua, pakiti ile ile, kikombe kile kile. Tandika shuka jeupe au karatasi. Usipige juu ya kanga au kitambaa cha meza chenye maua, kwani mtoto anaweza kuangalia maua. Kitu kijae kwenye picha.

Picha za kuchora za bure zipo, kwa mfano za hifadhi ya ARASAAC ya jimbo la Aragón, Hispania, nazo ni nzuri kwa mambo yasiyopigika picha kama "subiri" au "nisaidie". Kwa chakula na vitu vya kuchezea, anza na picha halisi. Ukiona picha haimwambii kitu kabisa, bandika kitu chenyewe kwenye gamba: karatasi ya biskuti ile, kipande cha sponji ya kuogea, kifuniko cha chupa ya soda. Utahamia kwenye picha baadaye.

Fanya kila kadi iwe mraba wa sentimita 6. Ukurasa wa A4 unabeba 12. Andika neno chini ya picha, ili kila mtu ndani ya nyumba alitaje kwa jina moja. Baba akisema "mkate" na bibi akisema "boflo" mtoto hatakufa, ila mwanzoni kubalianeni.

Sasa la muhimu, na ndilo linaloharibu kadi nyingi: kata kwanza, fanya laminesheni baadaye. Kata picha moja moja, zipange kwenye plastiki zikiwa zimeachana kama upana wa kidole, pitisha kwenye mashine, halafu kata tena ukiacha ukingo mwembamba wa plastiki tupu kuzunguka kila picha. Ukifanya laminesheni ukurasa mzima na kukata kwenye mstari wa picha, pembeni panabaki wazi. Mate yanaingia, karatasi inavimba, na ndani ya siku tatu kadi imefumuka kama mkate uliolowa. Ziviringishe pembe kwa mkasi. Pembe kali ya laminesheni inachoma jicho.

Bandika velkro laini nyuma ya kadi na ile ya kukwaruza kwenye faili, kila siku hivyo hivyo. Ukichanganya, kuna kadi hazitashika.

Toa nakala mbili za kila kadi. Moja itapotea, na itakuwa ile anayoipenda.

## Hatua ya 3: Mabadilishano ya kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo. Soma hatua hii mara mbili kabla ya kuanza, na asome pia mtu atakayekusaidia.

Mnahitajika watu wawili na kadi moja tu. Mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa na kitu. Tumwite wa mbele. Mwingine anakaa nyuma ya mtoto. Huyo ni wa nyuma. Kadi iko mezani au sakafuni kati ya mtoto na wa mbele.

Mwende hivi:

1. Wa mbele anaonyesha biskuti. Haulizi kitu. Hasemi "unataka?" wala "nipe kadi".
2. Anasubiri mtoto anyooshe mkono kuifuata biskuti. Huo mkono ndio ombi lake. Bila huo hakuna zoezi.
3. Mkono ukinyooshwa, wa nyuma anauelekeza taratibu kwenye kadi, anamsaidia kuishika na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Wa nyuma hasemi hata neno.
4. Kadi ikigusa kiganja, wa mbele anasema kwa furaha, "Biskuti!" na kumpa kipande papo hapo. Usimshike mkono apige makofi, usimwambie asante kwanza, usingoje akuangalie usoni. Kipande kifike kabla wazo halijapotea.
5. Anapokula, rudisheni kadi mahali pake. Anza tena.

Mara kumi au kumi na tano zinatosha kwa kikao kimoja, kama dakika tano hivi. Fanyeni vikao vitatu au vinne kwa siku, na acheni angali anataka.

Kwa nini wa nyuma? Kwa sababu wa mbele akifanya yote, akishika mkono na kutoa biskuti, mtoto anajifunza kukaa kimya akingoja kushikwa. Na kwa nini msiulize? Kwa sababu ukimzoesha swali, hataomba hadi aulizwe. Katika PECS swali la "Unataka nini?" linakuja hatua ya tano. Wazazi wengi wanaanza nalo siku ya kwanza.

Wa nyuma apunguze msaada kuanzia mwisho. Kwanza aache mkono mtoto anapoachia kadi kiganjani. Kisha aache wakati wa kuipeleka. Mwisho aache kuigusa kabisa hata wakati wa kuiokota. Wa mbele naye aache kutanguliza kiganja, maana kiganja kilichofunguliwa ni swali lisilotamkwa.

Anaweza kurusha kadi. Anaweza kuitia mdomoni, ndiyo sababu ya plastiki. Akirusha, wa nyuma anaiokota bila maneno mnaendelea. Akivuta mkono wake na kukasirika, mwacheni; mkono wa mtoto haulazimishwi. Pengine kitu chenyewe kimemchosha, badilisheni.

*Tahadhari.* Huko nje wapo wanaoshika kiwiko au kidole cha mtoto mbele ya ubao wa herufi, na eti mtoto anaandika barua ndefu kwa mama yake. Majaribio yameonyesha tena na tena kwamba anayeandika ni yule anayeshika, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Usilipie huduma hiyo. Wa nyuma wetu anasaidia tendo la kuchukua na kutoa tu, kwa kitu ambacho mtoto amekwisha kukinyooshea mkono mwenyewe, kisha anaondoka.

Umefaulu ukiona mtoto anaokota kadi, anaifikisha na kuiachia mwenyewe mara nane katika kumi, kwa vitu vitatu tofauti, na kwa watu wawili tofauti. Wapo wanaofika hapo siku ya kwanza jioni. Wapo wanaochukua mwezi. Hakuna uhusiano wowote niliouona kati ya kasi hiyo na akili.

## Hatua ya 4: Ongeza umbali

Sasa sogea. Hatua moja nyuma, kisha mbili, kisha upande wa pili wa chumba. Kadi nayo isogee mbali naye: kwenye faili, faili kwenye kigoda karibu na mlango. Mwishowe uwe jikoni unakuna nazi na yeye akufuate huko na kadi mkononi.

Hatua hii inarukwa kwa sababu haina picha nzuri ya kupiga. Lakini mtoto asiyepita hapa anakuwa na kadi zinazofanya kazi kwenye mkeka mmoja, mbele ya mtu mmoja. Wengine huweka kadi kwenye meza tupu na kungoja, hakuna mtu. Hajaelewa bado kwamba kadi inaenda kwa *mtu*.

Geuka, mpe mgongo. Akikuvuta nguo na kukupa kadi, mpe mara mbili ya kawaida. Hapo amekuita.

## Hatua ya 5: Kadi mbili

Weka kadi ya kitu anachokipenda mno na ya kitu kisichomhusu: biskuti na soksi. Usianze na biskuti na juisi, kwani vyote anavitaka na hana sababu ya kuangalia.

Akileta soksi, mpe soksi. Usiseme "hapana, angalia vizuri". Mpe na ukae kimya. Atakutazama kama umechanganyikiwa. Kisha mwonyeshe kadi ya biskuti kwa kidole, aikabidhi, muache avute pumzi kidogo, panga kadi upya mahali tofauti na umpe nafasi nyingine. Kosa lenyewe ndilo linalomfundisha kuwa picha zina maana tofauti.

Badilisha nafasi za kadi kila mara, kulia, kushoto, juu, chini. Ongeza ya tatu anapopatia bila kubahatisha, na hapo ndipo faili linaanza kuitwa kitabu chake. Kitabu kinakwenda anakokwenda: kwa bibi, msikitini, kanisani, kliniki, kwenye bajaji.

## Hatua ya 6: Basi, nisaidie, inauma

Wazazi wanapenda kadi za chakula. Mimi kadi ninayoithamini kuliko zote ni basi.

Mtoto asiyeweza kusema "basi" anasema kwa njia nyingine: anasukuma sahani, anauma, anajigonga kichwa ukutani. Nyumbani wanaita ukorofi. Chora sahani yenye msalaba mwekundu au viganja viwili vilivyofunguliwa, na uweke kadi hiyo karibu na sahani yake.

Ngoja dalili. Unamjua mwanao, kabla ya kusukuma sahani kuna kitu anafanya, anageuza uso au anakaza midomo. Hapo hapo, kabla ya kusukuma, msaidie kukabidhi kadi, useme "Basi," na uondoe sahani. Uiondoe kweli. Ukisema "malizia kijiko kimoja tu" umeua kadi hiyo. Wiki mbili za mwanzo basi ni basi. Dawa, sindano na kuvuka barabara haviingii humo, kwa hiyo usimwekee kadi hiyo mbele wakati huo.

Nisaidie inafundishwa kwa kopo lile lenye kifuniko kigumu. Mpe kopo, ngoja ashindwe, kadi iwe karibu.

Inauma ni ngumu zaidi kwa sababu maumivu hayapangwi. Tengeneza picha ya mwili mzima, na kila anapojikwaa au kung'atwa na mbu, onyesha mahali penyewe na useme "Inauma." Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyejipiga taya siku kadhaa mfululizo, sote tukatafuta sababu kwenye tabia. Ilikuwa jino.

## Hatua ya 7: "Nataka" na kitu

Kata ukanda mrefu wa manila, ufanyie laminesheni, ubandike velkro mahali pawili. Kushoto kunakaa kadi ya *nataka*, kulia anaweka kitu. Anakupa ukanda mzima.

Unapoupokea, usome ukigusa kila kadi: "Nataka… biskuti." Akishazoea, soma "Nataka…" kisha nyamaza. Hesabu hadi tano moyoni. Watoto wengine hujaza neno lililobaki, na kwa baadhi yao hilo ndilo neno la kwanza mama analisikia. Asipojaza, maliza mwenyewe na umpe kitu bila kukawia. Biskuti haizuiliwi kwa ajili ya sauti. Ukianza kuizuia, umerudi kwenye mtihani.

## Mtoto anayeongea kwa mwangwi

Huyu hajanyimwa maneno. Unamuuliza, "Unataka uji?" Anajibu, "Unataka uji?" Ukimsalimia anarudisha salamu yako kama ilivyo, au anawahi kumwambia babu yake "Marahaba!" na babu anahamaki kwamba mtoto hana adabu. Babu aelezwe: mtoto ameshika kwamba maneno hayo yanakaa pamoja, hajashika yapi ni ya nani.

Katika Kiswahili jambo hili limejificha kwenye silabi moja. Mtoto anayesema "unataka uji" anaweza kuwa anaomba uji kwa usahihi wote, ila ameuchukua msemo kama alivyousikia, na *u* yake badala ya *ni*. Ukimjibu "Mimi sitaki, wewe unataka?" unazidi kumchanganya.

Fanya hivi: acha kuuliza, sema maneno kama ambavyo *yeye* angeyasema. Shika kikombe, sema "Nataka uji," mpe. Unapomfunga viatu: "Nisaidie kiatu." Akichoka: "Nimechoka." Unamwazima sentensi iliyokwisha kukatwa kwa kipimo chake.

Na usidharau maneno yanayotoka pasipo mahali pake. Nina kijana ambaye kila zoezi linapomchosha anapaza sauti: "Shusha!" Ndivyo abiria wanavyosema kwenye daladala kituo kikikaribia. Wageni wanacheka. Mimi nilimpa kadi ya "basi" na kumwambia, "Nataka kupumzika." Siku hizi wakati mwingine analeta kadi, wakati mwingine anashusha. Yote nayapokea.

## Mnapokwama

*Anacheza na kadi tu, anazikunja, anazipanga mstari.* Kadi ni nyingi mno au kitu hakina mvuto. Rudini kwenye moja.

*Kwa mama anafanya, kwa baba hafanyi.* Baba hajawahi kuwa wa mbele. Abadilishane viti na mama leo jioni.

*Analeta kadi ya biskuti mara hamsini kwa siku.* Hongera. Wiki ya kwanza mpe vipande vidogo sana kila mara. Baada ya hapo mfundishe kadi ya "subiri": anakupa kadi ya biskuti, unampa kadi ya subiri, unahesabu hadi tatu, unampa biskuti. Ongeza sekunde taratibu. Ukianza na dakika tano, subiri itakuwa maana ya hapana.

*Shuleni wamefungia kitabu kabatini ili kisichafuke.* Nenda ukaongee nao kwa upole, na upeleke nakala ya pili.

*Mmekaa wiki sita hatua ya 3 haisogei.* Jirekodini kwa simu mkifanya zoezi, mwangalie kwa utulivu. Karibu kila mara mtamwona wa mbele anauliza, au wa nyuma anaongea, au biskuti inachelewa.

## Simu na tableti

Zipo programu za bure zinazosema neno ukigusa picha, na nyingi zinakuruhusu kurekodi sauti yako mwenyewe, jambo zuri kwa Kiswahili. Kwa kijana anayejua tayari kwamba ujumbe unaenda kwa mtu, zinasaidia sana. Shida ya kuanza nazo ni kwamba simu ile ile ndiyo yenye katuni. Ukitumia, iwe ya mawasiliano tu, na kitabu cha kadi kibaki, kwa sababu kadi haiishiwi chaji.

## Usisubiri nyumbani ukiona haya

Mtoto aliyekuwa akiongea vizuri baada ya miaka 3 kisha maneno yakapotea kwa ghafla, au anayepotelewa maneno huku akishtuka, kukodoa macho au kuanguka, apelekwe hospitali akachunguzwe kifafa. Kuna aina ya kifafa inayojitokeza kwanza kwa kupoteza lugha, nayo ina matibabu. Mwingine wa kuharakishwa ni yule anayepaliwa mara kwa mara akila au akinywa.

## Akileta kadi ya kitu ambacho hakipo

Itakuja siku hiyo, na usifiche kadi. Mtoto akiona kadi zinatoweka pale anapozihitaji, anaacha kuzitafuta.

Kwetu tunatumia ubao mdogo wenye sehemu mbili: mwezi wa usiku huu, na chini yake jua la kesho. Mwanafunzi mmoja alimletea bibi yake kadi ya bahari saa tatu usiku, mvua inanyesha. Bibi alinipigia simu. "Mwalimu, nimwambie nini na huyu hatanielewa?"

"Shikamoo bibi. Usimwambie kitu. Ichukue kadi, sema 'Bahari, kesho,' muibandike pamoja chini ya jua."

Alilia, bibi anasema, kama dakika kumi. Kisha akaenda kuuangalia ubao, akarudi kitandani, akaenda tena kuuangalia. Asubuhi kabla ya chai alikuwa amesimama mlangoni na kadi mkononi, na bibi, mguu wake unauma, akavaa ndara wakaenda.